Serikali Isaidie Banki au Isaidie Raia?

Mchuuzi wa soko akipoteza mtaji wake, hakuna waziri anayekesha usiku kwa ajili yake. Mwenye nyumba akishindwa kulipa deni, nyumba yake inauzwa, naye anahama pamoja na watoto wake. Lakini banki kubwa ikiwa karibu kuanguka, mawaziri wanakutana Jumamosi na Dominika, na Jumatatu asubuhi feza za inchi zimekwisha kutolewa. Watu wanaona mambo hayo, wanakasirika, nao wanauliza: «Feza hizi ni kodi zetu. Kwa nini wanapewa wenye banki, hatupewi sisi tuliozitoa?»

Ulizo hili si la wivu tu, ni ulizo la haki. Padri au katekista anayeulizwa hapashwi kulikimbia kwa kusema kwamba ni mambo ya wataalamu. Tunataka kulieleza hapa kwa utaratibu. Kwanza tutaonyesha banki ni nini, na kwa nini kuanguka kwake kunaogopesha. Halafu tutatazama mambo yaliyotokea Ubelgiji na Marekani. Mwisho tutaona haki inadai nini.

I. Banki ni nini?

Wengi wetu tunajua likelemba. Watu kumi wanatoa kila mwezi kiasi kimoja, na kila mwezi mmoja wao anapokea yote. Feza zinatoka mkono huu na kuingia mkono ule, na kila mtu anajua ziko kwa nani. Banki ni kitu kingine. Inapokea akiba za watu wengi wasiojuana, nayo inawaahidi: «Siku yoyote mtakayotaka, mtapata feza zenu.» Lakini haiziweki zote katika sanduku. Inazikopesha kwa mtu anayejenga nyumba, kwa sosiete inayonunua mashine, kwa komini inayotengeneza barabara. Hao watalipa polepole, kwa muda wa miaka kumi au ishirini.

Basi banki imeahidi kulipa leo, lakini yenyewe italipwa kesho. Siku za kawaida hakuna mashaka, maana wenye akiba hawaji wote pamoja. Lakini habari mbaya ikienea, kila mtu anakimbia kutoa feza zake kabla ya mwenzake. Hapo hata banki yenye mali nzuri inaweza kufa kwa siku chache. Tena mabanki yanakopeshana. Moja ikifa, inavuta nyingine. Wafanyakazi hawapati mishahara, wachuuzi hawawezi kulipa bidhaa, na mtu asiye na deni hata moja anaumia pamoja na wenye madeni. Ndiyo sababu Serikali inaogopa, na woga huo si wa bure.

Lakini yafaa kutofautisha watu wa namna tatu walioweka feza katika banki. Wa kwanza ni mwenye aksio, maana yake mtu aliyenunua fungu la banki yenyewe. Banki ikipata faida, yeye anagawiwa. Ikipata hasara, fungu lake linapungua. Wa pili ni mkopeshaji mkubwa, kwa mfano banki nyingine au sosiete, aliyeikopesha banki ili apate riba. Wa tatu ni mwenye akiba, mtu aliyeweka mshahara wake au feza za shule za watoto wake, bila kutafuta biashara yoyote. Hasara ikija, yapasa ianze kwa wa kwanza, kwa kuwa yeye alikubali hatari ili ale faida. Kisha inamfikia wa pili. Wa tatu awe wa mwisho.

Kwa hiyo mtu akisema kwamba Serikali imesaidia banki, tumwulize mara moja: Imemsaidia nani katika hawa watatu? Pasipo ulizo hilo, maneno yote ya mbele yanakuwa giza.

II. Mambo ya Dexia katika Ubelgiji

Banki inayoitwa Dexia ilizaliwa mwaka 1996, Crédit communal ya Ubelgiji ilipoungana na Crédit local ya Ufaransa. Kazi yao ya tangu zamani ilikuwa kukopesha makomini. Kazi hiyo ina faida ndogo, lakini haina hatari kubwa, maana komini haihami usiku. Wakubwa wa Dexia walitaka zaidi. Walinunua sosiete katika Marekani mwaka 2000, wakanunua hati za madeni za inchi nyingi, na feza za kununulia walizikopa kwa mabanki mengine kwa muda mfupi mfupi.

Tarehe 15 Septemba 2008 banki ya Marekani inayoitwa Lehman Brothers ilianguka. Toka siku ile mabanki yaliogopa kukopeshana. Dexia, iliyozoea kukopa leo ili kulipa deni la jana, ikakosa pumzi. Tarehe 30 Septemba Serikali za Ubelgiji, Ufaransa na Luxembourg, pamoja na wenye aksio wakubwa wa zamani, walitia ndani yake miliare 6,4 za euro. Walinunua aksio mpya, kila moja kwa euro 9,90.

Tutazame vema jambo lililofanyika. Kwa kununua aksio, Serikali ilijiweka katika nafasi ya mtu wa kwanza, yule anayepata hasara mbele ya wote. Wakopeshaji wakubwa walibaki nyuma yake, wakalipwa deni lao lote. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Oktoba 2011, Dexia ilianguka tena. Kabla mwaka haujaisha, aksio iliyonunuliwa kwa euro 9,90 haikufika hata euro moja. Feza za raia za mwaka 2008 zilikuwa karibu kupotea zote.

Safari hii Ubelgiji ilifuata njia nyingine. Ilikata banki vipande viwili. Kipande kile ambamo Wabelgiji waliweka akiba na mishahara yao, Serikali ilikinunua chote kwa miliare 4 za euro. Tangu 2012 kinaitwa Belfius. Kilibaki mali ya Serikali, nacho kimekwisha kuirudishia faida miaka mingi. Kipande kibaya kiliwekwa kando ili kifungwe polepole, nazo Serikali za Ubelgiji, Ufaransa na Luxembourg zikaahidi kusimama wadhamini wa madeni yake. Huko hasara haikuwa ndogo: mwisho wa 2012 Ubelgiji na Ufaransa ziliongeza miliare 5,5. Tangu mwanzo wa 2024 kipande hicho hakina tena ruhusa ya kufanya kazi ya banki.

Inchi ni moja, banki ni moja, lakini njia ni mbili. Mara ya kwanza Serikali iliinua sosiete yote kama ilivyo, ikapoteza. Mara ya pili ilijitwalia kile ambacho watu walikihitaji, ikawa mwenyewe wa kile ilichokilipia.

III. Wafanyakazi wa Arco

Katika mambo hayo ya Dexia kuna habari moja inayotugusa zaidi sisi watu wa Eklezia. Chama cha wafanyakazi wakristu cha Ubelgiji kilikuwa tangu zamani na koperative zake na banki yake, BACOB, ili mfanyakazi aweke akiba pahali pa kuaminika. Mwaka 2001 banki ya chama iliingia katika Dexia, na koperative kubwa inayoitwa Arco ilipokea aksio za Dexia. Watu karibu 800 000 walikuwa na fungu katika Arco. Wengi walikuwa watu wa mshahara mdogo, na wengi walisema baadaye kwamba walielezwa fungu lao kama akiba. Kumbe lilikuwa limefungwa na aksio za banki.

Dexia ilipoanguka mwaka 2011, Arco ilianguka pamoja nayo, na mwezi wa Desemba ikaanza kufungwa. Serikali iliwaahidi wanakoperative kwamba watalipwa kama wenye akiba, hata kufika euro 100 000 kwa kila mtu. Lakini katika mwezi wa Julai 2014 Komisyo ya Ulaya ilikata kwamba ahadi hiyo inavunja sheria, kwa kuwa inapendelea wenye aksio wamoja kuliko wengine. Mwaka 2017 Korti ya Katiba ya Ubelgiji iliivunja kabisa.

Mtu atasema: Mnaona! Banki kubwa ilisaidiwa mara tatu, na wafanyakazi walifukuzwa mikono mitupu. Kusema hivyo ni kweli, lakini si ukweli wote. Tumfikiri pia mjane wa Ubelgiji asiye na akiba wala aksio, anayelipa kodi kila anaponunua kitu. Je, ni haki yeye alipe hasara ya watu waliokuwa na fungu katika biashara? Waamuzi walisema hapana, na neno lao lina akili. Ubaya ulikuwa umetangulia, siku ile mtu aliyetafuta akiba alipopewa hatari chini ya jina la usalama. Uongo wa jina ukiingia mwanzoni, mwishoni hakuna njia ya kuwatendea wote haki. Ukiwalipa wamoja unawaonea wengine.

IV. Mambo ya Marekani: 1933 na 2008

Tuone sasa kama inawezekana kuwasaidia raia wenyewe mbele. Marekani imejaribu mara mbili, kwa namna mbili mbalimbali.

Mwaka 1933, wakati wa taabu kubwa, watu wengi sana walikuwa wakinyanganywa nyumba zao. Mwezi wa Juni Serikali iliunda shirika liitwalo Home Owners' Loan Corporation. Kazi yake ilikuwa hii: mtu aliyeshindwa kulipa deni la nyumba aliomba msaada, shirika lilichukua deni lake kutoka banki, nayo banki ikapokea hati ya Serikali, halafu mwenye nyumba aliandikiwa deni jipya la miaka kumi na mitano kwa riba ya 5 kwa mia. Toka 1933 mpaka 1936 lilitoa mikopo karibu milioni moja, jumla karibu miliare 3 za dola. Hawakufaulu wote. Karibu mmoja katika watano alipoteza nyumba baadaye. Wala shirika halikuwa bila doa: maofisa wake walichora ramani za miji zilizohesabu mitaa ya watu weusi kuwa mitaa ya hatari. Lakini watu wengi walibaki katika nyumba zao, na shirika lilipofungwa mwaka 1951 liliacha faida kidogo.

Mwaka 2008 mambo yalikwenda kinyume. Tarehe 3 Oktoba sheria ilifungua miliare 700 za dola. Raia walielezwa kwamba zitanunua madeni mabaya ya nyumba. Siku kumi na moja baadaye Serikali ilitangaza kwamba miliare 250 zitatiwa katika mabanki yenyewe, na nusu yake zilikwenda kwa mabanki makubwa tisa. Hayakulazimishwa kuzikopesha tena. Msaada wa wenye nyumba ulikuja mwaka 2009, na ulipita mikononi mwa mabanki na sosiete zilizokusanya madeni. Serikali ilisema utawafikia watu milioni 3 au 4; hata mwisho wa 2016, waliobadilishiwa deni kwa mpango huo hawakufika milioni 2. Mamilioni ya jamaa walihama.

Tuseme ukweli wote. Feza zilizotiwa katika mabanki ya Marekani hazikupotea. Zilitoka miliare 245, zikarudi karibu miliare 275. Mwenye kusema kwamba raia walinyanganywa feza hizo anakosa. Kosa liko pahali pengine. Banki iliyokuwa na haraka ilihudumiwa kwa siku. Mwenye nyumba aliyekuwa na haraka ileile alingojea miezi na miaka, na karatasi zake zikapotea ofisini.

Hapa tunagusa kiini cha jambo. Mwaka 1933, msaada ulipoanzia kwa mwenye deni, ulifika pia kwa banki, kwa kuwa deni bovu liligeuka deni zuri. Mwaka 2008, msaada ulipoanzia kwa banki, haukufika kwa mwenye deni kwa nguvu zake wenyewe. Maji ya mto yanashuka. Hayapandi mlima kwa kutumainiwa tu.

V. Haki inadai nini?

Mafundisho ya Eklezia yanatupa mwanga. Papa Pio XI, katika barua Quadragesimo anno ya mwaka 1931, alionya juu ya uwezo mkubwa mno wa watu wachache wanaotawala mikopo, hali feza si zao, bali wamewekwa tu kuzitunza. Papa Francisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, alilaumu kuokoa mabanki kwa bei yoyote, raia wakilipa, bila nia ya kutengeneza mambo yaliyoleta taabu. Hawakusema kwamba banki isiokolewe kamwe. Walisema kwamba feza ni kwa ajili ya watu.

Tena waseminari wanajua tofauti ya haki ya kubadilishana na haki ya kugawa. Haki ya kubadilishana inasema: uliyekubali hatari ili upate faida, ubebe hasara yako. Haki ya kugawa inasema: mizigo na misaada ya inchi igawanywe kwa kadiri ya uwezo na ya mahitaji. Kuwaponya wenye aksio kwa kodi za maskini kunavunja zote mbili pamoja. Kwa hiyo twaona sheria nne.

Kwanza: Serikali iokoe kazi ya banki, si wenye banki. Akiba na mishahara ilindwe. Wenye aksio na wakopeshaji wakubwa watangulie katika hasara.

Pili: Anayelipa awe mwenyewe. Raia wakitoa feza, fungu la banki liwe lao, na faida ya kesho irudi kwao, kama ilivyokuwa kwa Belfius.

Tatu: Msaada wa wenye deni uende kwa njia yake, siku ileile, wala usingoje banki ishibe kwanza.

Nne: Waliosimamia vibaya waondoke, wala wasipokee zawadi juu ya mshahara katika mwaka ule raia waliotoa feza.

VI. Mapingamizi mawili

Wa kwanza anasema: «Ukimsaidia mwenye deni, unafundisha watu wasilipe madeni yao.» Tunajibu: Shirika la 1933 halikufuta deni, lilirefusha muda, mtu aliendelea kulipa kila mwezi. Tena kama ni hatari kumzoesha msaada mtu mwenye nyumba moja, hatari ni kubwa zaidi kuizoesha banki yenye mamiliare. Mwenye nyumba anajua aibu mbele ya majirani. Banki inayojua kwamba itainuliwa kila mara, hakuna cha kuizuia.

Wa pili anasema: «Basi banki ife, na miliare 700 wagawiwe watu wote.» Tuhesabu. Marekani ya 2008 ilikuwa na watu karibu milioni 300. Kila mmoja angepata kama dola 2 300. Ni kitu, lakini zingesaidia nini kwa mtu ambaye akiba yake yote imefungwa ndani ya banki iliyokufa, na mkubwa wake wa kazi hana pa kutoa mshahara? Kugawa feza kwa wote kunafaa taabu inapowapata wote bila kosa lao. Ndivyo Marekani ilivyofanya mwezi wa Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa Kovidi, ilipoweka sheria ya kumpa dola 1 200 kila mtu mzima isipokuwa wenye mapato makubwa. Lakini moto wa banki unataka dawa yake. Kwa hiyo ulizo la mwanzo, «banki au raia?», limewekwa vibaya kidogo. Tuulize hivi: Nani katika banki, kwa masharti gani, na raia wanapata msaada wao lini?

VII. Na sisi je?

Mtu atafikiri kwamba mambo haya ni ya Ulaya na ya Marekani tu. Si hivyo. Katika parokia zetu kuna likelemba, kuna koperative za akiba, kuna watu wanaopita wakiahidi kuzalisha feza mara mbili kwa mwezi. Wakristu wetu wanamwuliza padri na katekista kama wanaweza kuamini. Padri si mtu wa banki, lakini anaweza kuwafundisha kuuliza maulizo matatu kabla ya kutoa feza. Hii ni akiba au ni fungu la biashara? Zinakopeshwa kwa nani? Hasara ikija, nani anaanza kubeba?

Wafanyakazi wa Arco hawakuwa wajinga. Waliamini, kwa sababu jina la kikristu lilikuwa mlangoni. Basi tunapashwa kuogopa zaidi kuliko wengine kuweka jina la parokia juu ya sanduku ambalo hatujui linafanya nini na feza za maskini. Anayekubali kulinda akiba ya mjane, aseme wazi iko wapi, aandike hesabu yake, aisome mbele ya wote kila mwaka. Na asipoweza kufanya hivyo, asiipokee.